Wahmong na Wenyeji wa Marekani: Safari ndefu ya kufika chuo kikuu

Na Mwandishi Wetu

MWANAFUNZI wa sekondari nchini Marekani anapojaza fomu za kuomba chuo, mahali fulani katikati ya karatasi hukutana na visanduku vya kueleza asili yake. Mtoto wa daktari aliyehamia kutoka Mumbai hutia alama katika kisanduku cha Mwasia. Mtoto wa kibarua wa Kihmong, ambaye bibi yake alivuka Mto Mekong akikimbia vita vya Laos, hutia alama katika kisanduku hicho hicho. Takwimu zikishajumlishwa, wote wawili huwa mtu mmoja, na mtu huyo huonekana amefaulu kiasi cha kutohitaji msaada wa yeyote.

Kijana wa taifa la Menominee au Ojibwe ana tatizo la aina nyingine. Kundi lake ni dogo mno, hivyo katika majedwali mengi ya elimu mahali pa tarakimu yake huwekwa kinyota, maana yake kwamba waliohesabiwa ni wachache na matokeo yao hayawezi kutolewa. Tena akitia alama mbili, ya mwenyeji asilia na ya Mzungu, mfumo wa takwimu za elimu wa serikali ya shirikisho humhamishia katika safu ya watu wa asili zaidi ya moja. Safu ya wenyeji inabaki bila yeye.

Makundi haya mawili, moja lililowasili juzi na jingine lililokuwapo kabla Marekani yenyewe haijawa nchi, yamejikuta bega kwa bega katika programu za kuwaandaa wanafunzi wa sekondari kwa masomo ya chuo. Hali hiyo inaonekana zaidi katika majimbo ya kaskazini ya kati, na hakuna mahali ilipoandikwa wazi kama Wisconsin, jimbo la mashamba ya ng'ombe lililopakana na Ziwa Michigan.

Wisconsin ina mataifa 11 ya wenyeji asilia yanayotambuliwa na serikali ya shirikisho, yakiwamo Menominee, Ho-Chunk, Oneida na makundi sita ya Ojibwe. Wakati huo huo ni jimbo la tatu kwa wingi wa Wahmong nchini humo, nyuma ya California na Minnesota. Katika miji kama Milwaukee, Wausau, Green Bay na Eau Claire, majina ya Vang, Xiong, Yang na Thao yamekuwa ya kawaida katika daftari za mahudhurio.

Sheria ya jimbo hilo kuhusu ruzuku ya wanafunzi wa makundi ya wachache ilitaja Weusi, watu wa asili ya Kihispania na wenyeji asilia. Kisha iliongeza kundi la nne kwa maneno yasiyo ya kawaida katika sheria za elimu: mtu aliyeingia Marekani baada ya Desemba 31, 1975, ambaye alikuwa raia wa Laos, Vietnam au Cambodia, au aliye mzao wa raia wa nchi hizo. Mjapani hakuwamo, wala Mchina, wala Mkorea. Vita vilikuwa vimeandikwa ndani ya sheria bila kutajwa kwa jina.

Mfumo wa vyuo vikuu vya Wisconsin nao ulifuata mgawanyo huo. Mpango wake ulioitwa Plan 2008, uliopitishwa mwaka 1998, uliwahesabu Waamerika wenye asili ya Kusini Mashariki mwa Asia kuwa kundi linalojitegemea, tofauti na Waasia wengine, na ukaweka programu za maandalizi ya chuo miongoni mwa malengo yake makuu.

Sababu ya mgawanyo huo ni historia. Wahmong ni watu wa milimani. Kuanzia mwaka 1961 Shirika la Ujasusi la Marekani, CIA, liliwaandikisha huko Laos wapigane na wakomunisti chini ya Jenerali Vang Pao, katika vita ambavyo wananchi wa kawaida wa Marekani hawakuambiwa. Mei 1975 kituo chao kikuu cha Long Tieng kilianguka. Wachache walisafirishwa kwa ndege, na maelfu walitembea kwa miguu msituni hadi Mekong ili wavuke kuingia Thailand. Wengi walikaa miaka katika kambi kama Ban Vinai. Wimbi kubwa la mwisho, la watu wapatao 15,000 waliokuwa wakiishi Wat Tham Krabok nchini Thailand, lilianza kuingia Marekani mwaka 2004.

Maandishi ya Kihmong kwa herufi za Kilatini, ambayo leo ndiyo yaliyoenea zaidi, yalitungwa na wamisionari nchini Laos mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kwa hiyo wengi wa wazee waliofika Marekani hawakuwa wamekaa darasani hata siku moja, kwa lugha yao wala kwa lugha nyingine. Hilo ni jambo la kukumbukwa kila inapodaiwa kwamba Waasia hupenda shule kwa kuzaliwa.

Taasisi ya utafiti ya Pew, ikitumia takwimu za mwaka 2015, ilionyesha kuwa asilimia 51 ya watu wazima wa asili ya Asia nchini Marekani walikuwa na shahada ya kwanza au zaidi, wakati kwa Wamarekani wote ilikuwa asilimia 30. Kwa Wahindi ilikuwa asilimia 72. Kwa Wakambodia ilikuwa asilimia 18, Wahmong 17 na Walao 16. Mwalimu anayesoma wastani wa asilimia 51 peke yake hana namna ya kujua kwamba msichana wa Kihmong aliyekaa mstari wa nyuma yuko chini ya wastani wa taifa zima.

Hata marekebisho ya karibuni hayajaliondoa tatizo lote. Mwongozo mpya wa serikali ya shirikisho kuhusu takwimu za asili, uliotolewa Machi 2024, uliwapa Wachina, Wahindi, Wafilipino, Wavietnamu, Wakorea na Wajapani visanduku vyao. Wahmong wametajwa kama mfano wa kundi jingine la kujazwa kwa mkono.

Kwa wenyeji asilia, ambao vitabu vya zamani viliwaita Wahindi Wekundu, historia ni nzito zaidi, kwa sababu shule yenyewe ilikuwa silaha. Mwaka 1879 Kapteni Richard Henry Pratt alifungua shule ya bweni ya Carlisle, Pennsylvania, na ikawa mfano wa nyingine nyingi. Watoto walichukuliwa mbali na wazazi, wakakatwa nywele, wakapewa majina mapya na kukatazwa kusema lugha zao. Wisconsin ilipata za kwake, ikiwamo ya Tomah iliyofunguliwa mwaka 1893 na ya Lac du Flambeau mwaka 1895. Ripoti ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Marekani iliyotolewa Julai 2024 ilihesabu shule 417 za aina hiyo nchini kote na kuthibitisha vifo vya watoto 973. Rais Joe Biden aliomba radhi rasmi Oktoba 25 mwaka huo.

Hapo ndipo kazi ya ofisa wa chuo anayefika Keshena, makao makuu ya Menominee, akiwa na vipeperushi vyake, inapokuwa ngumu kuliko anavyodhani. Anaahidi shule nzuri iliyo mbali, yenye mabweni, ambako kijana atajifunza kuishi bila wazazi. Kwa familia ya kitongoji cha Milwaukee hiyo ni ahadi. Kwa bibi wa Kimenominee aliyesimuliwa na mama yake habari za bweni, maneno hayo yana maana nyingine kabisa.

Wamenominee wana sababu ya ziada ya kuwa na mashaka. Mwaka 1954 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwaondolea hadhi ya taifa, iliyoanza kutumika mwaka 1961. Ardhi yao ikageuzwa wilaya ya kawaida ya jimbo, na umaskini ukazidi. Aliyeongoza mapambano ya kurejesha hadhi hiyo, iliyorudishwa Desemba 1973, alikuwa Ada Deer, mwanamke aliyekulia katika nyumba ya magogo isiyo na maji ya bomba. Mwaka 1957 alikuwa Mmenominee wa kwanza kuhitimu Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Madison. Mwaka 1993 akawa mwanamke wa kwanza kuongoza Idara ya Masuala ya Wenyeji Asilia katika serikali ya shirikisho. Alifariki dunia Agosti 2023. Mwaka huo huo wa 1993, Wamenominee walianzisha chuo chao wenyewe mjini Keshena, College of Menominee Nation, wakifuata nyayo za Ojibwe wa Lac Courte Oreilles, ambao chuo chao kilianza mwaka 1982. Kwa vijana wengi wa maeneo hayo, hatua ya kwanza ya elimu ya juu sasa iko umbali wa kwenda na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Programu za maandalizi ya chuo zina mizizi katika vita dhidi ya umaskini vilivyotangazwa na Rais Lyndon Johnson. Upward Bound ilianza kwa majaribio mwaka 1965 ikiwa na miradi 17. Ikafuatwa na Talent Search, iliyotokana na Sheria ya Elimu ya Juu ya mwaka huo huo, na programu ya tatu ya kuwasaidia wanafunzi walio tayari chuoni ikaongezwa mwaka 1968. Kwa kuwa zilikuwa tatu, ziliitwa TRIO, na jina hilo limebaki ingawa leo ni nane. Katika mwaka wa fedha 2024 zilitengewa takriban dola bilioni 1.19.

Sharti la Upward Bound halitaji kabila. Theluthi mbili ya wanafunzi wa kila mradi lazima watoke katika familia za kipato cha chini na wakati huo huo wawe wa kwanza katika familia kuelekea kupata shahada, yaani hakuna mzazi wao mwenye shahada ya kwanza. Waliobaki watimize walau moja ya masharti hayo, au wawe katika hatari kubwa ya kushindwa masomo. Ndiyo maana programu hizo zinaweza pia kumpokea mtoto wa mkimbizi kutoka Kongo anayezungumza Kiswahili nyumbani. Familia kama hizo zilianza kupokelewa Marekani kwa wingi katika miaka ya 2010, Milwaukee ikiwa miongoni mwa miji iliyowapokea. Naye ana kisanduku chake kikubwa kinachommeza, kile cha Weusi.

Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Madison kilianzisha programu yake, PEOPLE, mwaka 1999, kikianza na wanafunzi wa sekondari wa Milwaukee. Baadaye ilipanuka hadi miji mingine na maeneo ya mataifa ya wenyeji, na miongoni mwa Waasia ilitoa kipaumbele kwa Wahmong, Walao, Wakambodia na Wavietnamu. Mwanafunzi alihudhuria masomo ya ziada wakati wa muhula na kukaa chuoni wiki kadhaa kila kiangazi. Aliyemaliza na kukubaliwa Madison alilipiwa ada.

Kinachofanyika katika programu za namna hii si siri wala si miujiza. Mwanafunzi wa darasa la tisa husaidiwa kuchagua hesabu zinazotakiwa, kwa sababu atakayeanza aljebra akiwa amechelewa hatafika somo ambalo kitivo cha uhandisi kitalidai. Darasa la 11 ni mwaka wa mtihani wa ACT, wenye alama 1 hadi 36, ambao Wisconsin huwapa wanafunzi wote wa shule za umma. Darasa la 12 ni mwaka wa maombi, insha na fedha. Kati ya hayo kuna ziara za vyuo, na kukaa bwenini wakati wa kiangazi ili kijana aone kwamba maktaba ya chuo ina mlango kama mlango mwingine.

Lakini bweni hilo la kiangazi, ambalo kila programu hujivunia, ndilo mara nyingi kikwazo cha kwanza. Kwa mwenyeji asilia kuna kumbukumbu iliyotajwa. Kwa Mhmong kuna mzazi asiyetaka binti yake alale nje ya nyumba, hasa katika jamii ambayo kuolewa mapema lilikuwa jambo la kawaida kwa vizazi vingi. Programu zilizofaulu zilijifunza kuanza na mzazi. Zilifanya mikutano ya jioni yenye chakula na mkalimani, zikawaleta kina mama watembee ndani ya mabweni wenyewe, na zikawaajiri Wahmong waliokwisha hitimu wawe ndio wanaopiga simu nyumbani.

Kalenda nayo ina ugomvi wake. Msiba wa Kihmong huchukua siku kadhaa, na kijana wa ukoo hawezi kukosa kwa sababu ya mtihani wa majaribio. Sherehe za Mwaka Mpya wao huangukia majira ya kupukutika majani, wakati ule ule ambao maombi ya chuo yanaandikwa. Kwa Ojibwe, mwisho wa Agosti na Septemba ni wakati wa kuvuna mchele-mwitu ziwani, kazi iliyo chakula na ibada kwa pamoja. Mshauri wa shule asiyejua hayo huandika kwamba mwanafunzi ni mtoro.

Hata hivyo, mahali ambapo safari nyingi hukatika ni penye fomu ya fedha, inayojulikana kwa kifupi kama FAFSA. Bila fomu hiyo hakuna ruzuku ya Pell, ambayo kwa mwaka wa masomo 2024/25 ilifikia hadi dola 7,395 na ambayo hairudishwi, wala hakuna mkopo wa serikali ya shirikisho. Fomu hutaka mapato ya wazazi, kodi, akiba na saini yao. Hutolewa kwa Kiingereza na Kihispania. Kwa hiyo kijana wa miaka 17, ambaye tangu utotoni amekuwa mkalimani wa wazazi wake hospitalini na benki, anapaswa sasa kuwauliza mambo ambayo katika heshima ya nyumba yao mtoto hamuulizi mzazi: unapata kiasi gani, na umeweka kiasi gani.

Toleo lililorahisishwa la fomu hiyo, lililofunguliwa mwishoni mwa Desemba 2023, lilikumbwa na hitilafu nyingi, na vyuo vilichelewa kutangaza misaada. Mwenye wazazi waliosoma alisubiri. Asiye na mtu wa kumweleza kwamba kuchelewa huko si kukataliwa alikuwa na sababu ya kutafuta kazi kiwandani.

Je, programu hizi zinafaa kitu? Jibu la haki ni kwamba inategemea anayesaidiwa ni nani. Taasisi ya Mathematica iliwafuatilia wanafunzi waliochaguliwa kwa kura kuingia Upward Bound na wale waliokosa nafasi. Ripoti yake ya mwisho, ya mwaka 2009, haikuona tofauti ya jumla katika kuingia chuo. Watetezi wa programu walipinga namna hesabu zilivyofanywa. Lakini ripoti ya awali ya utafiti huo huo, ya mwaka 2004, ilikuwa na jambo ambalo halikupata vichwa vya habari vikubwa: kwa wanafunzi ambao mwanzoni hawakutarajia kumaliza shahada, walioingia vyuo vya miaka minne waliongezeka takriban maradufu. Yule ambaye angekwenda chuo kwa vyovyote vile hakubadilishwa sana. Aliyebadilika ni yule ambaye hakuwa amelifikiria jambo hilo.

Hilo lina uzito wa pekee sasa, kwa sababu msingi wa kisheria wa kuwatafuta vijana kwa asili yao unabomoka. Juni 2023 Mahakama Kuu ya Marekani ilipiga marufuku vyuo kuzingatia asili katika kudahili wanafunzi. Februari 2025 Mahakama ya Rufaa ya Wisconsin ikatamka kuwa ile ruzuku ya jimbo yenye kutaja Laos, Vietnam na Cambodia, iliyotoa hadi dola 2,500 kwa mwaka kuanzia mwaka wa pili wa chuo, inakiuka katiba. Septemba 2025 Wizara ya Elimu ya Marekani ilitangaza kusitisha fedha za ushindani kwa programu kadhaa za vyuo vyenye wanafunzi wengi wa makundi ya wachache, ikiwamo ile iliyoundwa na sheria ya mwaka 2007 kwa ajili ya vyuo vyenye Waasia na watu wa visiwa vya Pasifiki. Hata TRIO, isiyotaja kabila la mtu, ilipendekezwa kufutwa katika bajeti ya mwaka wa fedha 2026 iliyowasilishwa na serikali ya Rais Donald Trump.

Katika mtikisiko huo makundi mawili yaliyotembea pamoja yanaanza kuachana njia. Mwenyeji asilia aliyeandikishwa rasmi katika taifa lake si mtu wa rangi fulani tu machoni mwa sheria. Ni raia wa taifa lililotia saini mikataba na Marekani, na Mahakama Kuu ilikubali hoja hiyo tangu mwaka 1974 katika kesi ya ajira ndani ya Idara ya Masuala ya Wenyeji. Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Madison, kilichojengwa juu ya ardhi ambayo Ho-Chunk walilazimishwa kuiachia kwa mkataba wa mwaka 1832, kilitangaza Desemba 2023 kwamba kuanzia majira ya kupukutika majani ya mwaka 2024 kitagharimia masomo yote ya shahada ya kwanza kwa wakazi wa jimbo walioandikishwa katika mataifa ya Wisconsin, si ada tu bali pia malazi, chakula na vitabu. Kipato cha familia hakiangaliwi.

Sharti ni kuandikishwa, na kila taifa lina kanuni zake. Baadhi hupima sehemu ya damu, hivyo mtoto wa mchanganyiko aliyekulia katika eneo la taifa lake anaweza kubaki nje ya ahadi hiyo.

Mhmong hana mkataba. Alichopata karibuni ni sheria ya jimbo iliyotiwa saini na Gavana Tony Evers Aprili 2024, inayozitaka shule za Wisconsin kufundisha historia ya Wahmong na Waasia wengine wa Marekani, miaka 35 baada ya sheria kama hiyo kupitishwa kwa ajili ya historia ya wenyeji asilia. Kwa upande wa fedha, njia iliyobaki kwake Madison ni mpango ulioanzishwa mwaka 2018 wa kufuta ada kwa wakazi wa jimbo wenye kipato cha chini, ambao mwanzoni kiwango chake cha juu kilikuwa dola 56,000 za mapato ya familia kwa mwaka. Mpango huo hauulizi kisanduku cha asili. Unachotaka ni FAFSA iliyojazwa na kutiwa saini na mzazi.